Mtoto Alibebwa, Mimi Nikaulizwa Kama Nimelewa

Nani aliwaambia hawa watu kwamba siku ya usonji, yaani autism, inahitaji dijei?

Nauliza kweli, maana tangu Aprili 2 jambo hili halijanitoka. Nilialikwa kwenye hafla hapa mjini, nikapiga shati pasi, nikaenda. Hema, viti vimevishwa vitambaa, na mbele spika mbili ndefu kunishinda. Emsii akashika maiki: "Mombasaaa! Mko wapiii?" Tuko hapa hapa, bwana, hatua kumi kutoka mdomoni mwako.

Haukupita muda, mtoto mmoja wa safu ya mbele akaziba masikio akaanza kulia. Akina mama wakainuka, wakambeba nje, akapewa maji, pole mwanangu. Walifanya vizuri. Mimi nikajikaza mpaka jenereta nayo ilipowashwa nyuma ya hema. Nikatoka, nikachutama ukutani, vidole masikioni, macho nimeyafumba. Kuyafumbua, naona buti. Askari wa geti.

"We bwana, umelewa?"

Sikumjibu. Nikishafika pale maneno hayatoki, ulimi wawa kama si wangu. Na mtu asiyemjibu askari, mwajua huonekanaje.

Nina miaka 38, na usonji ninao. Hauishi mtu akiota ndevu, ila mabango yote siku ile yalikuwa na picha za watoto. Sijui wadhani tukikua twahamia wapi.

Lakini linaloniuma zaidi ni kuambiwa kuwa haya ni "maringo" tu. Dadangu husema: "Muziki wa matatu huuwezi, na taarab yako chumbani waifungulia mpaka jirani aijua maneno." Kweli, naifungulia. Miaka nenda miaka rudi sikuwa na jibu, mpaka niliposoma aliyoyaandika daktari Leo Kanner kule Marekani mwaka 1943, kuhusu watoto 11 aliowachunguza. Waliogopa lifti, mashine ya kupigia mayai, hata upepo. Kisha akaona kuwa mtoto yule yule aweza kupiga kelele kubwa kama ile anayoiogopa, tena kwa raha zake. Kinachomvuruga ni sauti inayomwingilia. Isiyobisha hodi, ningesema mimi. Wallahi nililia.

Ndiyo maana adhana hainisumbui: naijua saa yake, ina mwanzo na ina mwisho. Honi ya feri pale Likoni naiweza, kwa sababu naiona feri ikijiandaa kung'oa nanga. Lakini bodaboda aliyetoa sailensa akinipita kwa nyuma Digo Road, mwili wote waruka, na ule mruko hautulii, wabaki ukingoja mwenzake. Blenda ya juisi. Makanga akigonga bati. Ile taa ya tyubu ofisini, inayovuma na kila mtu aniapia kuwa haivumi. Wenzangu akili zao huzichuja sauti bila wao kujua; kwangu zote huingia na uzito mmoja, pamoja na yako wewe unaponiuliza, "Lakini wanisikiza kweli?" Kufika jioni nimejaa pomoni. Hapo mtu adondoshe sufuria jikoni, na watu waseme nimeikasirikia sufuria.

Viziba masikio ninavyo, asanteni kwa ushauri. Vaa wewe, uvuke Digo Road, kisha uniambie kama ulimsikia wa tuktuk.

Haya, nakubali, shingo upande: mji ni kelele, na dereva atafuta riziki. Kanuni za kelele tunazo tangu 2009, lakini sidai mtu aende kufunga vigoma vya harusi ya watu. Ningeridhika na kidogo tu. Anayenijua asiniite kwa kupiga makofi nyuma yangu. Foleni ya benki isiwe na televisheni na redio kwa pamoja. Na madaktari wa akili wa Marekani wenyewe waliliingiza jambo hili la hisia, kama kusumbuliwa na sauti, kwenye vigezo vyao vya kutambua usonji mwaka 2013, miaka 70 baada ya Kanner, kwa hivyo sitarajii Mombasa ibadilike kesho.

Waandalizi wamenitumia ujumbe: ahsante kwa kuhudhuria, tupe maoni yako. Nimewajibu kwamba mwakani spika zibaki dukani, na yule askari wa geti awekewe kiti safu ya mbele.