Dawa ya kansa kwa mtoto asiye na kansa

"Mwanangu, mtoto hana kansa. Dawa ya kansa ya nini?" Mama yangu alimuuliza hivyo shemeji pale Mpwapwa, siku aliporudi kutoka kliniki Dodoma mjini na kapsuli za haidroksiyurea. Mtoto ana sikoseli, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Karatasi ya ndani ya boksi ilikuwa imeshasomwa na mjukuu wa sekondari, na neno saratani likaonekana.

Bibi hakukosea. Haidroksiyurea ni kemotherapia kweli: Marekani iliiidhinisha kwa saratani mwaka 1967, na kwa watu wazima wenye sikoseli mwaka 1998. Inazuia seli zisigawanyike, kwa hiyo uloto, kiwanda cha damu ndani ya mifupa, huguswa wa kwanza. Kwa sikoseli hutolewa kwa dozi ambayo mwili unaimudu, na uloto ukibanwa kiasi hicho hurudia kutengeneza hemoglobini ya kichanga, ile ya tumboni mwa mama. Hemoglobini hiyo huzuia chembe nyekundu kujikunja kama mundu na kuziba mishipa. Dawa ni ileile, shabaha ndiyo imebadilika.

Utafiti wa Marekani wa mwaka 1995 ulionyesha mashambulio ya maumivu kwa watu wazima yakipungua karibu nusu. Sawa, lakini huku kwetu kulikuwa na swali jingine, na lilikuwa swali zuri: dawa inayoshusha chembe nyeupe, askari wa mwili dhidi ya maradhi, ukimpa mtoto wa nchi yenye malaria, si unamvua ngao? Jibu lilikuja mwaka 2019 kwenye utafiti wa REACH, uliofuatilia watoto zaidi ya 600 Angola, Kongo, Kenya na Uganda. Maumivu yalipungua, kuongezewa damu kukapungua, vifo vikapungua. Hata malaria yenyewe ilipungua.

Baada ya hapo, kuikataa kwa sababu tu ya jina la kansa naona ni kumnyima mtoto haki yake. Ila wanaosema "ni salama" na kunyamaza nao wananikera. Watoto wale walikuwa wakipimwa damu mara kwa mara, na chembe zikishuka mno dawa inasimamishwa hadi zipande. Usalama ulikuwa kwenye kipimo kuliko kwenye kapsuli. Sasa mtu wa wilayani anaambiwa vitendanishi, yaani kemikali za kupimia damu, vimeisha, arudi wiki ijayo. Nauli ya kurudi hakuna anayeiuliza.

Halafu kuna kapsuli yenyewe. Kwa kawaida ni ya miligramu 500. Mtoto wa kilo 12, kwa miligramu 20 kwa kilo, anahitaji 240 kwa siku. Shemeji akafanya hesabu yake ya jikoni: akafungua kapsuli, akamwaga nusu ya unga kwenye kijiko cha uji, nusu akaifunga kwenye karatasi ya daftari. Vidole vikabaki vyeupe. Unga huo hautakiwi kuguswa mikono mitupu, hasa na mwanamke anayeweza kuwa mjamzito. Daktari alipojua alipanga upya: kapsuli nzima, siku moja ameze, siku moja apumzike. Mbona haikusemwa siku ya kwanza?

Wakubwa nao wana lao: mbegu za kiume zinaweza kupungua, na anayetaka kubeba mimba azungumze na daktari kabla.

Tangu mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma inapandikiza uloto kwa watoto wenye sikoseli, na kamera zinapenda habari hiyo, kwa haki kabisa. Lakini upandikizaji unahitaji mtu wa kuchangia anayelingana, kwa kawaida ndugu wa tumbo moja. Wengi watabaki na kapsuli.

Shemeji ana kalenda ukutani. Siku za dawa anaweka alama ya vema, siku ya kupima damu anaizungushia duara. Mwezi uliopita ulikuwa na maduara mawili. La kwanza limekatwa kwa kalamu nyekundu: mashine ilikuwa mbovu.