Jabali, bati la mtumba na barafu ya zamani

Juzi kijiweni Magomeni, kwenye kahawa, nikawaambia washkaji kwamba enzi za barafu bahari ilishuka kama mita 120 hivi na Unguja ilikuwa imeungana na bara, hakuna boti unatembea tu, maji mengi yameganda nchi kavu, hasa huko Kanada na Skandinavia. Mmoja akadaka: barafu ilivyoondoka nani alikuwepo akaandika tarehe?

Yameandika mawe. Barafu inabeba majabali, ikiyeyuka inayabwaga, kama lile la Okotoks kule Alberta, tani kama 16,500 limekaa uwandani peke yake. Toka siku hiyo miale ya anga za mbali inalipiga na ndani ya kwatzi, madini yaliyomo kwenye jiwe, zinazaliwa atomu adimu za beriliamu-10, kidogo kidogo kila mwaka, wataalamu wakizihesabu wanapata miaka.

Sasa chukulia bati la nyumba Mbagala, ukiona lilivyopauka unakadiria lilipigiliwa lini si ndio? Ila kama ni la mtumba lilishapauka kwenye nyumba nyingine, utasema nyumba ya zamani kumbe ya juzi. Na likiwa chini ya mwembe linakudanganya kinyume chake. Majabali ni hivyo hivyo: lingine lilipigwa miale kabla barafu haijalizoa, lingine lilifukiwa na udongo au likabiringika baadae.

Ndio maana wengine wanasema bora kaboni-14, yaani kupima umri wa mabaki ya mimea, kwenye matope ya maziwani. Sawa, lakini mmea unaota barafu ikishaondoka, tena wakati mwingine baadae sana, hiyo ni tarehe ya mpangaji kuingia sio ya nyumba kuisha.

Mimi niko na mawe, ila yawe mengi. Utafiti uliotoka 2022 ulitumia vipimo 64 vya mawe kwenye njia ya nchi kavu iliyokuwa kati ya barafu mbili kubwa za Kanada, ikaonekana ilifunguka kabisa miaka kama 13,800 iliyopita, na hapo ndo wazo la kwamba watu wa kwanza wa Amerika walipita humo likayumba vibaya, maana kuna dalili za watu huko Amerika kabla ya hapo. Jiwe moja lisingethubutu. Kinachonitia shaka ni jiwe lisilokubaliana na wenzake kuwekwa pembeni, mara nyingi ni haki kabisa, ila sababu isiwe tu limeharibu wastani.

Kwetu Kilimanjaro ni volkano, kwatzi hupati, watafiti wakapima klorini-36, atomu nyingine inayozaliwa na miale hiyo hiyo, ambayo hesabu yake ina mambo mengi zaidi. Kwahiyo mtu akikutajia umri wa barafu ya pale, muulize mawe mangapi.