Faru wa Mwalimu, simba wangu

Tulishuka Kreta ya Ngorongoro asubuhi, watu sita kwenye Landcruiser moja, na mimi ndiye niliyekuwa na begi kubwa kuliko wote. Ndani yake kulikuwa na kamera ya Sony A7 IV na lenzi mbili, za milimita 24-70 na 70-200, zote f/2.8, yaani zenye tundu pana la kupitisha mwanga. Hizo ndizo zana ninazolishia familia. Napiga picha za harusi Arusha. Kiti cha mbele yangu alikaa mwalimu mstaafu kutoka Moshi. Shingoni alining'iniza Nikon P900, kamera ya zumu ndefu isiyobadilishwa lenzi, ya mwaka 2015, ambayo bintiye alimtumia kutoka nje. Moyoni nilimhurumia. Nakiri.

Haikupita saa nzima dereva akapunguza mwendo. "Faru. Kule, kulia kwa mti uliokauka." Nikainua kamera, nikavuta lenzi mpaka mwisho wake, nikaona doa jeusi kwenye majani. Ndani ya kreta gari haliruhusiwi kuacha barabara, kwa hiyo unakaa ulipo na kumwomba Mungu mnyama asogee. Huyu hakuwa na mpango wa kusogea. Mwalimu akabonyeza kitufe, lenzi ikachomoza polepole kama shingo ya kobe, kisha akatulia. "Ana pembe mbili," akasema, "ile ya mbele ndefu. Na kuna ndege mgongoni." Kamera ikazunguka gari zima, kila mtu akitaka kuona. Ilipofika kwa dereva akaangalia, akaangalia na begi langu. "Kaka, hiyo yako ni ya harusi."

Usiku nilikaa na kalamu, maana kauli ile iliniuma. Tuseme faru alikuwa mita 500 na ana urefu wa mita 3 na nusu. Kwenye lenzi yangu ya milimita 200 anachukua karibu sehemu moja kati ya 26 za upana wa picha. Kwenye P900, iliyovutwa mpaka mwisho, anachukua karibu sehemu mbili kwa tano. Hata ningekuwa na lenzi ya milimita 600, ile Sony ya 200-600 yenye uzito wa zaidi ya kilo 2, faru angejaza kama asilimia 12 tu ya upana. Ningeikata picha mpaka ibaki yeye peke yake, na bado ningekuwa na nukta chache kuliko za Mwalimu. Kwa umbali, pambano lilikuwa limekwisha kabla halijaanza.

Sasa mbona kakamera kale kanafika mbali hivyo? Siri iko kwenye kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga, nitakiita kihisi. Cha kwangu ni fremu kamili, milimita 36 kwa 24, kama stempu ya barua. Cha P900 ni kama 6.2 kwa 4.6, kinazidi kidogo punje ya choroko. Kihisi kikiwa kidogo hivyo, kipande kidogo tu cha kinachopita kwenye lenzi ndicho kinachojaza picha nzima, na mnyama anaonekana mkubwa. Ile "milimita 2000" wanayoiandika kwenye tangazo la P900 ni hesabu ya kulinganisha na fremu kamili. Lenzi yenyewe inaishia milimita 357. Simaanishi kwamba ni udanganyifu. Ni ujanja halali, na ndio unaoifanya kamera nzima iwe na gramu 899, wakati lenzi ya kunifikisha mbali kiasi hicho mimi ningehitaji mpagazi.

Lakini choroko ina deni lake, na deni lilidaiwa kesho yake asubuhi Seronera, katikati ya Serengeti.

Tulitoka kambini saa kumi na mbili, jua bado. Huku kwetu karibu na ikweta jua halichelewi: linachomoza kama saa kumi na mbili na nusu, na ndani ya muda mfupi ule mwanga laini umeshakuwa mkali. Simba jike na watoto watatu walikuwa wanavuka barabara, hawafiki mita 15 kutoka kwetu. Watoto wanarukiana, mmoja anang'ata mkia wa mama yake. Niliweka shata, lile pazia la kuruhusu mwanga, 1/500 ya sekunde, ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 6400, f/2.8, na kamera ikashika jicho la simba ikaling'ang'ania. Nilipiga mfululizo mpaka walipopotea kwenye majani. Mwalimu naye alipiga. Kamera yake ilikuwa inatafuta fokasi, inakwenda mbele, inarudi nyuma, na ilipoipata watoto walishageuza visogo. Picha alizopata zilijaa chenga, manyoya yamegeuka uji wa ulezi.

Fikiria watu wawili wamesimama kwenye manyunyu, mmoja na ndoo, mwingine na kikombe cha kahawa, kile kidogo cha muuza kahawa wa jioni. Mvua ikinyesha ya masika, wote wanajaza, hakuna atakayelalamika. Yakiwa manyunyu ya dakika mbili, mwenye ndoo anapata cha kunawa uso na mwenye kikombe anapata unyevu. Eneo la kihisi changu ni kama mara 30 la kile cha P900. Saa nne asubuhi, jua likiwaka, tofauti hiyo karibu huioni kwenye skrini ya simu. Saa kumi na mbili na nusu ndiyo kila kitu.

Kuna na kasi. Watu huuliza megapikseli kwanza, kana kwamba wananunua kiwanja. Bei kubwa ya kamera hizi za kikazi zisizo na kioo, kile cha ndani kilichokuwa kinaruka kila unapobonyeza, inakwenda kwenye kukifuata kitu kinachotembea. Canon R5 ya mwaka 2020 ilikuja na uwezo wa kutambua jicho la mbwa, paka na ndege, na simba kwake ni paka tu. Nikon Z9 ya mwaka 2021 iliondoa shata ya chuma kabisa na inapiga picha ghafi, yaani ambazo kamera haijazichakata, 20 kwa sekunde. Mwenye kamera ya zumu ndefu akimwona tai aliyetulia juu ya tawi, atampata vizuri sana. Tai akiruka, kumtafuta angani kwa zumu ya 2000 ni sawa na kumtafuta kwa kuchungulia kwenye tundu la ufunguo. Nikon wenyewe wanalijua hilo, ndiyo maana waliweka kitufe cha kurudisha zumu nyuma kwa muda ili umwone tena ulikompoteza.

Nisisahau jambo moja linalowakuta wote. Siku ile ile, saa saba mchana, duma alikuwa kwenye kichuguu mbali sana. Mwalimu akavuta lenzi mpaka mwisho, nami nikaazima kamera ya jirani mmoja, yenye lenzi ya 100-500. Picha zetu zote zilitoka mbovu kwa namna ile ile: duma anacheza kama anaonekana kupitia mvuke wa sufuria. Ni mazigazi. Ardhi imepata moto, hewa juu yake inapanda na kutetema, na kila mita unayoongeza unaongeza hewa inayotetema ya kupenya. Hakuna lenzi ya kutibu hilo. Nikon P1000, iliyotoka mwaka 2018, inafika milimita 3000 kwa hesabu ile ile ya tangazo, na mchana wa kiangazi hizo 3000 unaletewa mazigazi yaliyokuzwa. Tumia urefu huo asubuhi na mapema, au juu ya ardhi yenye unyevu. Dereva azime injini, kamera ilale kwenye mfuko wa maharage dirishani. Kutikisika kidogo tu kwa gari, picha imekwenda.

Mahali pekee ambapo 3000 inanipa wivu wa kweli ni mwezini. Mwezi mpevu unafurika nje ya fremu juu na chini, unahesabu mashimo yake. Nina binamu Tanga aliyeinunua kwa ajili hiyo tu, na kila ukaribiapo mwandamo yuko ufukweni magharibi ikiiva. Kama hilali ionwe kwa jicho au kwa chombo, hayo ni ya masheikh, siyaingilii.

Nirudi kwenye kazi yangu, maana pia nimewahi kuona mtu akija kupiga sendoff kwa kamera ya zumu ndefu. Alikuwa kijana mwenye bidii na kamera yake ilikuwa mpya. Ukumbi wenyewe ulikuwa na zile taa za LED za zambarau zinazobadilika kila sekunde, na bibi harusi akaingia gizani na mshumaa. Kijana alibaki anawasha flashi usoni mwa watu. Hapo hata sisi wa fremu kamili tunapata taabu: shata ya kielektroniki chini ya taa hizo inachora mistari kwenye picha, na mimi huirudia ile ya chuma. Lakini kwenye nikahi ndani ya msikiti, au padri anapobariki pete, ukimya wa kamera isiyo na kioo ni heshima. Zile za zamani zenye kioo zilikuwa zinadunda klak-klak-klak mpaka wazee wanageuka.

Kwa hiyo mtu akiniuliza anunue ipi, swali langu la kwanza ni: ukishanunua bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, utabaki na shilingi ngapi? Kosa ninaloliona kila mwaka ni hili. Mtu anajikusanya, ananunua bodi ya kikazi yenye jina, fedha inaishia hapo. Anaifunga na lenzi ndogo iliyokuja nayo kwenye boksi, anakwenda Mikumi, anarudi na tembo wadogo kama sisimizi. R5 ilipotoka iliuzwa dola 3,899 bila lenzi, na lenzi ya 100-500 ya kampuni hiyo hiyo ilikuwa dola 2,699. P900 ilipotoka ilikuwa kama dola 600, kila kitu ndani. Mwenye R5 na kilenzi kifupi atashindwa na Mwalimu kila siku ya safari, isipokuwa ile nusu saa ya alfajiri.

Kama unakwenda hifadhini mara mbili kwa mwaka na hakuna anayekulipa, ningekupeleka kwenye njia ya katikati: Sony RX10 IV ya mwaka 2017, hata iliyotumika. Kihisi chake ni cha inchi moja, eneo lake ni kama mara nne la kile cha choroko, lenzi inakwenda 24 mpaka 600 kwa f/2.4 hadi f/4, na inapiga picha 24 kwa sekunde ikiwa na fokasi inayofuata. Haitafika kwa faru wa Mwalimu. Haitapata simba wangu pia, si kwa usafi ule. Ila itapata vyote viwili kwa kiwango ambacho shangazi yako hatakiona kasoro, na ina kilo 1.1 tu shingoni.

Na vumbi. Wauzaji watakuambia kamera isiyobadilishwa lenzi haiingii vumbi. Nusu ya hilo ni kweli. Nilibadilisha lenzi mara moja tu kwenye nyanda za mashariki ya Serengeti, kule ambako udongo ni majivu ya volkano, na picha zangu zote za mchana zikawa na madoa angani. Jioni nikapuliza kihisi kwa kipira cha mkono, kikasafika. Kamera ya zumu ndefu kila inaponyoosha shingo inavuta hewa ndani, na vumbi likishaingia huko hulitoi kwa kipira. Ni fundi na bisibisi, na fundi wa kazi hiyo si kila mtaa unaye.

Mwalimu aliifanya picha ya faru kuwa kubwa, akaitundika sebuleni. Alinitumia ushahidi WhatsApp. Mimi nilimtumia simba. Siku mbili baadaye nikapata ujumbe wa sauti: "Mwanangu, hawa watoto wa simba wamenitoa machozi. Hiyo kamera yako wanauza shilingi ngapi, nimwambie binti?" Nikamjibu kwa heshima zote, shikamoo kwanza, nikamtajia bodi, kisha nikamtajia kwamba kwa faru atahitaji na lenzi ile ndefu, karibu milioni 5 peke yake.

Jibu lilikuwa la sauti tena, sekunde 20, na nyingi kati ya hizo alikuwa anacheka. "Milioni 5 kioo tu? Mwanangu, hizo ni bati za nyumba nzima."