Kengele ya Soda Mwaloni Kibirizi

Shangazi yangu ananunua dagaa wakavu mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, na makuli wake aliwaahidi soda kila gunia la 16 likitua jukwaani. Ili kumaliza ubishi wa hesabu, mwanawe, anayejifunza saketi zisizotumia mapigo ya saa, akamfungia kengele. Kreti la soda likaisha asubuhi ileile.

"Hii mashine ina baraka," kuli mmoja mzee akaninong'oneza. "Inalia gunia la pili, la nne, la nane na la kumi na sita. Ila hiyo ya mwisho ina kiburi, ukiizima hainyamazi mpaka gunia lingine litue."

Mzee alikuwa amenisomea ugonjwa wote bila mita.

Swichi ya jukwaa kijana aliipatia: ya pini tatu, na mageti mawili ya NAND (vijisaketi vya mantiki) ili mtetemo wa chuma usihesabiwe kama magunia. Kisha CD4024, chipu ya kaunta ambayo kila flipu-flopu (kijisaketi kinachotunza 0 au 1) inaisukuma inayofuata. Biti 4 za mwanzo, yaani tarakimu za 0 na 1 zinazohesabu hadi 15 na kurudi 0000 kwenye 16, zinaingia kwenye geti la NOR la chipu ya CD4002. Zote zikiwa 0, geti linatoa 1, na lachi (saketi inayoikumbuka ishara hata ikishapita) ya mageti mawili ya chipu ya CD4001 inaikamata na kuliza kengele.

Sasa biti hizo hazigeuki pamoja. Kutoka 7 kwenda 8 ni 0111, 0110, 0100, 0000, ndipo 1000. Sifuri hiyo ya uongo inadumu takriban nanosekunde 100 kwa volti 5. Kwenye taa za LED huioni ng'o, lakini lachi ikinusa tu, imeshika. Kutoka 1 kwenda 2, na 3 kwenda 4, mambo ni yaleyale. Kutoka 5 kwenda 6 unapitia 4: hakuna sifuri, hakuna soda. Kwenye 16 sifuri ni ya kweli na inabaki palepale, ndiyo maana kitufe cha kunyamazisha kinagombana na geti.

Binamu akataka kuweka rezista ya kilo-omu 10 na kapasita ya nanofaradi 10 kabla ya lachi. Ingeimeza sifuri ya uongo, sikatai, ila kiburi cha 16 kingebaki, na volti inayopanda polepole hivyo inataka geti la Schmitt, lisilobabaishwa na volti ya polepole.

Tukaing'oa CD4002 yote. Q4, yaani biti ya nne ya kaunta, pini ya 6, inashuka kwenye gunia la 16 tu, haibabaiki njiani. Tukaipitisha kwenye geti la CD4001 lililokuwa halina kazi, liigeuze, kisha kwenye pini ya saa ya CD4013, flipu-flopu inayonakili pini ya D pale saa inapopanda: D ikiwa juu, S (ya kuwasha) chini, kitufe kwenye R (ya kuzima) na kilo-omu 10 kwenda chini. Nusu ya pili ya CD4013, ingizo zote chini. Zikiachwa hewani, hata mkono ukipita karibu zinaweza kugeuka.

Gunia la pili, kimya. La nne, kimya. La nane, mzee akaigonga boksi, akaitegea sikio, akanitazama.

"Fundi, umeiua."

Nikamweleza habari za Q4. Akasikiliza kwa makini, gunia bado begani.

"Na huo waya wa kila magunia manane, mwanangu, uko pini ya ngapi?"