Mwalimu anayezima ubao shirikishi ana hoja

Shule ya msingi ikipata ubao shirikishi, yaani ubao mkubwa unaoonyesha picha ya kompyuta na kuitikia mguso, au vishikwambi, hazipiti wiki nyingi kabla hajatajwa mwalimu ambaye havitumii. Anaandika kwa chaki, na ubao mpya umefunikwa kitambaa. Maelezo huwa tayari: hajapata mafunzo, au anaogopa mashine. Kwa baadhi ni kweli. Lakini wapo waliofunzwa vizuri, wakautumia muhula mzima, kisha wakaupunguza kwa sababu walipiga hesabu ya dakika. Hesabu hiyo haisikilizwi inavyostahili.

Tuipige. Kipindi kina dakika 40, darasa lina watoto 45. Zoezi ni kuburuta tarakimu hadi mahali pake kwenye mstari wa namba. Mtoto akiinuka, akapita katikati ya madawati, akaburuta na kurudi kukaa, zimekwenda sekunde 40, tena awe mwepesi. Kila mtoto akigusa ubao mara moja tu, ni sekunde 1,800, yaani dakika 30. Hakuna mwalimu mwenye nusu saa ya kutoa. Basi anaita watoto 8, zinakwenda dakika 5 na ushei, na wale 37 wanatazama. Wametulia, macho yako mbele, mgeni akichungulia mlangoni anaona darasa lililochangamka. Ila kuhusu hao 37 mwalimu hajajua lolote.

Sasa chukua vibao vidogo vya kuandikia, au hata vipande vya karatasi ngumu. Mwalimu anauliza: ipi kubwa, 0.4 au 0.35? Anawaachia sekunde 10, anasema "inueni", na majibu 45 yako hewani kwa pamoja. Akiona watoto 20 wameandika 0.35, anatambua papo hapo kwamba wanasoma desimali kama namba nzima, kwa kuwa 35 inaizidi 4. Hapo anajua somo liende wapi: arudi kwenye sehemu za kumi na za mia kabla ya kusogea mbele. Ubao ungempa jibu la mtoto mmoja, na aghalabu ni yuleyule ambaye mkono wake huwa juu siku zote.

Kuna jambo jingine ndani ya hizo sekunde 10. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba baada ya kuuliza swali mwalimu wa kawaida husubiri takriban sekunde 1 tu. Walipozoezwa kusubiri sekunde 3 au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka na waliojitokeza kujibu waliongezeka. Ubao wenye kurasa zilizokwisha kuandaliwa huvuta mkono upande wa pili, maana ukurasa unaofuata uko tayari. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, walipofuatilia madarasa ya watoto wa miaka 9 hadi 11 Uingereza mwaka 2003 na 2004, waliona mwendo wa somo ukiongezeka kasi na muda wa kazi za vikundi ukipungua. Haki isemwe, waliona pia maswali ya wazi yakiongezeka. Kuhusu alama, mwaka wa kwanza kulikuwa na ongezeko dogo. Mwaka wa pili halikuonekana tena.

Hapo bado hatujagusa hitilafu. Mtoto wa miaka 7 ana urefu wa kama sentimita 120, na mkono wake hufika vizuri kwenye sentimita 140 au 150. Ubao wenye kimo cha sentimita 120, ukifungwa mita 1 juu ya sakafu ili walio nyuma waone, unamwachia mtoto huyo chini ya nusu yake. Mwalimu asiyekumbuka hilo anapoandaa ukurasa huweka majibu juu, na mtoto anabaki anarukaruka. Ubao wa miali isiyoonekana husoma kila kinachokatiza mwanga wake, hivyo kiganja kilicholala juu yake au mkono wa sweta huchora mistari mtoto asiyoikusudia. Projekta ikisogea kidogo tu, alama inatokea pembeni ya kidole, na ni lazima usimame kugusa upya vituo vya kusawazisha. Chujio lake likijaa vumbi, projekta hupata joto na kujizima katikati ya kipindi. Kila moja ya hizi ina tiba, lakini tiba zenyewe zinaliwa na kipindi kilekile.

Vishikwambi vinaondoa tatizo la zamu na kuleta la kuanza. Mtoto wa darasa la kwanza hawezi kuandika nywila ya herufi 8, kwa hiyo ni lazima aingie kwa kugusa picha au kuskani kadi. Vishikwambi 45 vikipakua somo kwa wakati mmoja kupitia ruta moja ya kawaida, wengine wataangalia duara likizunguka. Somo liwe limekwisha kuhifadhiwa ndani ya kifaa tangu jana yake. Kila kifaa kiwe na namba ya mtoto wake, wagawaji wawe wanafunzi 4 waliozoezwa. Bila utaratibu huo dakika 10 kati ya 40 zimekwenda kabla ya swali la kwanza, na hiyo ni robo ya kipindi.

Wanaotetea teknolojia nao wana ushahidi, na ni mzito. Katika jiji la Vadodara, India, watoto wa darasa la 4 walicheza michezo ya hisabati wawili wawili kwenye kompyuta, saa 2 kwa wiki, kwa mashine ambazo nyingi zilikuwa zimekaa shuleni bila kutumika. Mwaka wa kwanza alama za hisabati zilipanda kwa 0.35 ya mkengeuko sanifu, mwaka wa pili 0.47. Kwa lugha nyepesi, ongezeko la 0.35 humchukua mtoto aliyekuwa katikati kabisa ya wenzake 100 na kumweka mbele ya 63 hivi. Ni hatua kubwa, ingawa mwaka mmoja baada ya mpango kumalizika ilikuwa imebaki kama 0.1.

Siri yake hasa ni kwamba mashine iliwapa watoto maswali ya kiwango chao. Hapa chaki inashindwa, na mwalimu mkweli atakubali. Darasa lilelile lina anayejumlisha kwa kubeba na asiyejua makumi ni nini. Kibao cha kuandikia kinamwonyesha mwalimu tofauti hiyo, lakini hakimpi mikono 45 ya kuishughulikia. Programu nzuri inarudia sauti ya herufi mara 20 bila kuchoka wala kumwaibisha mtoto mbele ya wenzake, na inamkuzia maandishi asiyeona vizuri.

Ila utafiti mwingine, wa mchumi Leigh Linden, katika jimbo hilohilo la Gujarat, ndio ambao kila mwenye kupanga ratiba angepaswa kuusoma. Programu ya hisabati ya kompyuta ilipochukua nafasi ya muda wa mwalimu kwa watoto wa darasa la 2 na la 3, alama zilishuka kwa 0.57 ya mkengeuko sanifu, yaani mtoto wa katikati alibaki akiwapita 28 tu kati ya 100. Programu hiyohiyo ilipowekwa nje ya saa za masomo kama nyongeza, zilipanda kwa 0.28. Kilichobadilika ni kile ambacho saa ya kompyuta iliondoa. Shule hizo zilikuwa na ufundishaji mzuri, kwa hiyo mashine ilikuwa inapokonya kitu cha thamani. Ndiyo maana mwalimu mahiri huwa wa kwanza kulalamika: ana kingi cha kupoteza kuliko wenzake. Malalamiko yake ni taarifa kuhusu ratiba, na yasomwe hivyo.

Ningemshauri mwalimu mkuu aanzie hapo. Ubao uwashwe kwa yale ambayo chaki haiwezi, kama mishale ya saa inayosogea pamoja au umbo linalogeuzwa pande zote, kwa dakika 5, kisha uzimwe ili watoto waandike. Vishikwambi vipewe kipindi chao cha mazoezi, baada ya mwalimu kufundisha. Kwenye maswali ya kuchagua jibu, saa na orodha ya washindi vizimwe, kwa sababu vinafundisha kubahatisha haraka. Na penye majibu 4, watoto 11 wakipata kati ya 45, hicho ni kiwango cha bahati nasibu. Na fomu ya ukaguzi, badala ya kuuliza kama kifaa kimetumika, iulize ni watoto wangapi walijibu swali kabla mwalimu hajatoa jibu.