Drili ya Volti 88

Mjini hapa ukitaka kutoboa tundu moja tu ukutani, jiandae kisaikolojia. Fundi anakuja na nauli yake juu, anaugonga ukuta kwa kidole, anatikisa kichwa: "Mzee, hii ni zege." Bei imeshapanda na begi bado liko begani. Tundu lenyewe la bomba la pazia, jamani, hatuchimbi kisima!

Nikasema potelea mbali, nanunua drili yangu. Ya chaji, maana umeme wetu nao una mambo yake. Na biti, kile chuma chembamba kinachotoboa, niikaze kwa mkono, mambo ya ufunguo sitaki. Ule ufunguo wenye meno umeumbwa upotee. Utaufunga kwa mpira kwenye waya, mpira utakatika, watoto wataugeuza gari, na wewe utaishia kukaza biti kwa plaizi huku unatukana kimoyomoyo. Mmarekani Arthur Jacobs alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya mfumo huo wa ufunguo mwaka 1902. Sina ugomvi na marehemu, ila angeweka na mnyororo.

Basi nikashuka Kariakoo. Weee! Duka la kwanza drili ya volti 21. La pili 36. La tatu 48. Mbele kidogo, 88! Na betri zote saizi ileile.

"Mdogo wangu, hii 88 imetoka wapi?"

"Hiyo nguvu, mzee wangu."

Nguvu! Betri ya kawaida ya hizi drili ina seli tano za lithiamu, kila moja volti 3.6, jumla 18. Ukiijaza chaji pomoni kila seli inafika 4.2, ndiyo ile 21 wanayoiandika kwa wino mwekundu. Ili upate 88 ya kweli unataka seli 21, na mzigo huo kijana asingekuwa anauzungusha kwenye kidole kimoja mbele yangu.

Lakini volti si kilio changu. Kilio changu ni mdomo, pale mbele penye meno matatu yanayobana biti. Huo hakuna anayeusifia! Kila muuzaji anabonyeza drili hewani, vruuum, halafu anakuangalia usoni upige makofi. Drili gani isiyozunguka hewani? Hewa ina zege?

Nikaomba biti nijaribu. Kijana akanitazama utadhani nimemwomba figo. Nikaichomeka, nikakaza. Mdomo mzuri ukishabana unakujibu kwa mlio, ka-ka-ka, na haurudi. Huu ukazunguka kimya, nikiuachia unalegea. Kubonyeza, ncha ya biti inachora duara. Kwa biti hiyo tundu la milimita 6 linatoka la 10, fisha, ile plastiki ya kushikia skrubu, inaingia bila kugongwa na inatoka bila kuombwa.

"Itajikaza yenyewe ukianza kazi, mzee wangu."

Ijikaze wapi? Ukiiweka drili kwenye hali ya kugonga, ile ya zege, mtetemo ndio unaolegeza kila kitu. Biti inabaki ukutani, wewe umebaki mlangoni mwa tundu umeshika injini.

Pembeni, chini ya vumbi, nikaona nyingine. Mdomo wa chuma, unaomeza biti hadi ya milimita 13. Nikaufunga: meno yote matatu yakakutana katikati, hakuna upenyo. Nikaufungua mpaka mwisho, kule chini skrubu yake ipo, ile inayofunguka kinyume na wenzake, inayozuia mdomo usichomoke ukirudisha nyuma. Kukaza, ka-ka-ka. Nikavuta biti kwa nguvu zangu zote, wapi!

Bei mara mbili. Kijana akanionea huruma ya kweli kabisa: "Mzee, hiyo 18 tu. Kwa hela hiyo si uchukue 88 mbili?"

Nyumbani mama watoto akaigeuza, akasoma, akanyamaza kidogo. "Yaani 18? Jirani ana 48."

Nikameza mate. Nitamweleza nini kuhusu meno matatu saa hizo, ugali unapoa?

Hodi ikabishwa. Jirani. Anaomba drili dakika mbili tu.

"Kwani ile yako ya 48?"

"Ipo, inazunguka vizuri sana."

"Na biti unayo?"

"Biti ndiyo iko ukutani."

Mama watoto akaangalia pembeni. Nikamwambia jirani asubiri, ipo kwenye chaji.