Macho ya Bahari

Kazi yangu ni ukaguzi wa hesabu, na kwa miaka 14 nimelipwa mshahara ili nisiamini jambo lolote lisilo na stakabadhi. Ninalitaja hili mapema ili msomaji aelewe kwamba siku niliponunua mtoto wa mbwa kwa shilingi 800,000, stakabadhi niliidai, nikapewa, na hadi leo ninayo. Imeandikwa kwa wino mwekundu: “Mbwa mmoja, haski, dume, macho ya buluu.”

Wala sikukurupuka. Kabla ya kutoa hata senti moja nilisoma kwa mwezi mzima, nikaandaa jedwali la aina za mbwa wanaoweza kuwa na macho ya buluu, kama ninavyoandaa majedwali ya madeni ya watu. Australian Shepherd na Border Collie huyapata mara nyingi kwa sababu ya jeni inayoitwa merle, ambayo hufifisha rangi ya manyoya na kuyatia mabaka, na macho nayo yasisalimike. Dalmatian huwa nayo mara chache, lakini mwenye macho ya buluu yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa kiziwi, na mimi mlinzi kiziwi sikumhitaji. Malamute wa Alaska anafanana na haski kama pacha, ila kwake jicho la buluu ni kasoro ya kumtoa kwenye mashindano kule Marekani. Akabaki haski wa Siberia peke yake, mshindi wa zabuni.

Majirani zangu wa Tegeta walinivumilia sana katika kipindi hicho. Kila aliyekaa nami barazani alisimuliwa habari za Wachukchi wa kaskazini mashariki mwa Siberia waliowafuga mababu wa mbwa hao, kisha akapelekwa Alaska, mwaka 1925, wakati dondakoo lilipoingia katika mji wa Nome, na waendesha sleji 20, yale magari ya theluji yanayovutwa na mbwa, wakapokezana dawa katika theluji kwa zaidi ya kilomita 1,000, wakafika kwa muda wa siku tano na nusu tu. Mzee mmoja alinisikiliza hadi mwisho, akajipepea kwa gazeti, akauliza, “Na hapa Tegeta atavuta nini?”

Ukurasa mmoja tu sikuusoma, ule unaohusu namna watoto wa mbwa wanavyokua.

Muuzaji aliniambia kwamba mtoto ana wiki nane. Alinikabidhi kitu kidogo kinachoenea katika viganja viwili, kina tumbo la ngoma na macho ya buluu iliyochanganyika na kijivu, nami palepale nikampa jina la Bahari. Mama mkwe wangu, ambaye miaka yote amepika samaki na anawajua kwa kuwatazama tu, aliinama, akamwangalia usoni, akasema, “Huyu ana macho ya changu aliyelala sokoni tangu jana.” Sikumjibu, kwa kuwa mkwe hajibiwi. Siku ya pili Bahari alikwenda kumsalimu kuku wetu aliyekuwa na vifaranga, akadonolewa sikio la kushoto hadi likatoka kipande. Nilimpiga picha akiwa analia, nikaituma kwa ndugu wote.

Wiki hiyohiyo nilitumwa Dodoma kwa ukaguzi uliochukua wiki tano. Bahari nilimwachia mlinzi wetu, kijana mpole mwenye maneno machache, pamoja na fedha za dagaa na unga wa dona. Niliporudi, usiku umeshaingia, alinijia mbwa mkubwa mara tatu ya yule niliyemwacha, anatikisa mkia hadi kiuno kinafuata. Nikamulika tochi ya simu ili nijiburudishe na ule ubuluu niliokuwa nikiuota huko Dodoma.

Nikatazamwa na macho ya rangi ya chai ya rangi, tena iliyokolea majani.

Katika taaluma yangu, ghala likiwa na mali isiyolingana na daftari, wa kwanza kuhojiwa ni mwenye ufunguo. Nilimwita mlinzi, nikamuuliza kwa sauti ya kiofisi mbwa wangu yuko wapi. Akamtazama mbwa, akanitazama mimi, akasema, “Bosi, mbwa ni huyuhuyu. Macho yameiva.”

Nilimwambia kwamba macho si maembe. Nilimwambia pia maneno mengine ambayo sitayarudia hapa, likiwemo neno “kubadilisha” na neno “kuuza”, na kwa kuwa aliendelea kusema kwamba yameiva, Jumamosi asubuhi nilimpeleka kwa mjumbe wetu wa nyumba kumi.

Mjumbe ni mzee mstaafu anayesikiliza mashauri chini ya mkorosho, akiwa ameketi kwenye benchi refu. Niliwasilisha vielelezo vitatu kwa mpangilio: stakabadhi, ambayo niliikunja kwa uangalifu ili sehemu ya bei isionekane, maana kulikuwa na majirani, picha iliyo katika simu, na mbwa mwenyewe, ambaye wakati huo alikuwa akitafuna kamba ya kiatu changu. Nilizungumza kwa dakika 20 hivi. Nilimtaja Mchukchi. Nilitaja hata utafiti wa mwaka 2018, uliochunguza mbwa zaidi ya 6,000 na kugundua kwamba macho ya buluu ya haski yanahusiana na kipande cha vinasaba kilichojirudia karibu na jeni iitwayo ALX4, katika kromosomu ya 18, kwa hiyo, nikahitimisha, jambo lililoandikwa ndani ya kromosomu haliwezi kufutika kwa sababu mtu amekwenda Dodoma.

Mlinzi alipopewa nafasi alisema, “Mzee, mimi shahidi wangu ni kuku.”

Watu wakacheka, nami nikacheka nao, na hapo ndipo nilipokosea. Mjumbe aliomba simu yangu, akaipanua ile picha kwa vidole viwili, akalitazama sikio la kushoto lililotoka kipande. Kisha akamwita Bahari, akamshika sikio la kushoto, akapitisha kidole gumba mahali palipotoka kipande. Alirudia mara mbili: picha, sikio, picha, sikio. Kielelezo changu mwenyewe kilikuwa kimemwachia huru mshtakiwa.

Hata hivyo nilidai maelezo ya kitaalamu, na mjumbe akaagiza aitwe bwana mifugo, aliyekuwa akichanja kuku nyumba ya tatu. Alifika na kisanduku chake cha barafu, akaeleza bila haraka kwamba watoto wa mbwa hufumbua macho wakiwa na umri wa wiki mbili hivi, na wakati huo karibu wote huonekana wana macho ya buluu, hata wa jalalani, kwa sababu weusi unaoyapa macho rangi haujafika. Ndani ya jicho hakuna rangi yoyote ya buluu. Ni mwanga tu unaotawanyika, kama unavyotawanyika angani. Weusi ule ukishajaa, jicho huwa la kahawia, na mtoto akifikisha miezi mitatu au minne rangi yake ya kudumu huwa imekwisha kujulikana. Kama kweli ningemnunua akiwa na wiki nane, akasema, mabadiliko yangekuwa yameshaanza mbele ya macho yangu. Niliuziwa wa wiki nne au tano.

“Lakini jeni ya ALX4,” nikasema.

“Ndiyo,” akasema bwana mifugo, “lakini hiyo ni ya haski.”

Alimgeuza Bahari ubavu, akayapekua manyoya. Haski ana tabaka mbili, la chini laini kama pamba na la juu refu la kuzuia theluji. Huyu wangu alikuwa na tabaka moja, fupi na gumu, la kusugulia sufuria. Akaongeza, nadhani kwa kunifariji, kwamba hata haski halisi anaruhusiwa kuwa na macho ya kahawia, au moja la kahawia na moja la buluu, kwa hiyo hata fedha zangu zingefika mahali pake bado nisingekuwa na uhakika wowote.

Nilimpigia muuzaji simu palepale na kuiweka kwenye spika, nikiamini kwamba mbele ya mashahidi atababaika. Hakubabaika. “Stakabadhi inasema macho ya buluu,” alijibu. “Siku ile hayakuwa ya buluu?” Kwa miaka 14 hakuna mtu aliyewahi kunijibu hoja ya ukaguzi vizuri namna hiyo. Nilishindwa kuendelea, yeye akakata simu.

Mjumbe aliamua kwamba nimwombe radhi mlinzi mbele ya wote na nilete kreti moja ya soda. Niliomba radhi kwa sentensi kamili. Soda zikaja, watu wakanywa, na mlinzi akiwa katika chupa ya pili alimwita Bahari kwa jina la Chai, na mbwa akaitika mara moja kama mtu aliyelizoea jina hilo kwa wiki tano.

Tulipokuwa tukiagana, kitu kilijinyoosha chini ya benchi la mjumbe. Alikuwa mbwa koko wake, mzee, mwenye kichwa cheupe upande mmoja, aliyelala shauri zima. Alipiga miayo, akafumbua macho. La upande mweusi lilikuwa la kahawia. La upande mweupe lilikuwa la buluu safi, kama maji ya kina kirefu yaonekanavyo ukiwa kwenye boti ya Zanzibar.

“La kwake hilo ni la kudumu,” alisema bwana mifugo. “Weupe umepita juu ya jicho.”

“Huyu nilimwokota sokoni, kwenye maganda ya ndizi,” alisema mjumbe. Kisha akanyoosha mkono, akaichukua stakabadhi yangu, akaikunjua pale nilipoikunja, akasoma, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akasoma tena.